Kuni Mbichi Wanakuja na Mvua

2 Machi

Nimeanza shajara kwa sababu mume wangu amesema nikimweleza habari za Kuni Mbichi mara moja zaidi atahamia kwa mama yake. Nikamkumbusha kwamba mama yake anaishi hapa hapa, chumba cha pili, na anasikia kila tunachosema. Akacheka, lakini somo nimelipata. Basi nitakueleza wewe, daftari, maana huna mama wa kumkimbilia.

Kuni Mbichi ni bendi ya watu wanne. Kuna dada anayeimba na kupiga gitaa, kaka wa fidla, kijana wa ngoma anayepiga kwa ncha za vidole kama anayebisha hodi kwa mgonjwa, na mzee wa kodiani. Hawana kampuni wala meneja. Wanarekodi wenyewe jikoni kwao, na kwenye wimbo wa "Taa ya Koridoni", ukitega sikio, unasikia birika likianza kuchemka na mtu akienda polepole kulizimia jiko. Hawakuifuta sauti hiyo. Wengi hawawajui, na sisi tunaowajua tunajiona kama tumezaliwa tumbo moja.

Leo wametangaza kwamba mzee wa kodiani anaacha. Vidole vyake vimechoka. Kabla hajaacha watazunguka miji midogo ya wale ambao wamekuwa wakiwaandikia na kuwaomba waje. Mimi nimewaandikia tangu albamu ya kwanza. Sharti lao ni moja: kiwepo chumba ambamo watasikika bila spika, kwa sababu hawapigi kwa spika na hawajawahi. Sijawahi kuwasikia ana kwa ana. Nikiukosa msimu huu, sitawasikia tena wote wanne pamoja, basi tena.

Nimewaandikia. Kwa haraka nimekosea jina langu mwenyewe.

3 Machi

Mvua imeanza. Hawajajibu.

4 Machi

Mvua. Hawajajibu. Mume wangu ameuliza kama siku hizi nimeolewa na simu.

7 Machi

Kazini leo nimegombezwa. Sisi ni mafundi wa makochi na magodoro. Mimi nashona maganda ya vitambaa, na mwenzangu tunamwita Stepla kwa sababu ya ile bunduki yake ya pini. Mpe fremu ya mbao, sponji na kitambaa, atabana pa, pa, pa, mpaka unashangaa kochi limetoka wapi. Mwenye karakana tunamwita Bosi, na sidhani kama hata mke wake anamwita vingine.

Nilikuwa naimba chini chini nikishona. Bosi akatoa kichwa ofisini.

"Dada, hapa tunajaza makochi, hatujazi masikio."

Nikanyamaza, ila moyoni nilimjibu vizuri sana. Mtu asiyependa muziki wa aina yoyote, mimi huwa namtilia shaka. Stepla akaninong'oneza kwamba Bosi alizaliwa akiwa na miaka hamsini.

11 Machi

WAMEJIBU!

Dada mwimbaji mwenyewe ndiye aliyeandika. "Tutafika kwenu Jumamosi ya tarehe 25 Aprili, tupige alasiri. Chumba kipo?" Nikajibu "Kipo" kabla akili haijafika. Halafu ndiyo nikakimbia kuutafuta ukumbi wa mtaa, na bahati nzuri siku hiyo hauna harusi wala mkutano. Mlinzi wake amenipa kwa moyo mweupe. Nimerudi nyumbani nikipiga mbinja, mimi mama wa watoto wawili, katikati ya madimbwi.

Mama mkwe aliniona nimelowa chapachapa natabasamu. "Umepandishwa cheo?"

"Kuni Mbichi wanakuja, Mama."

"Hao wenye njaa?" akasema, akaendelea kukunja nguo.

15 Machi

Jumapili, mvua tangu asubuhi. Nimesikiliza albamu zote kwa mpangilio, mume wangu akijifanya amelala.

Ngoja niseme kwa nini nawapenda, maana nikiulizwa huwa naishia kurusharusha mikono. Kwanza, hawana haraka. Wimbo unaanza kana kwamba walikuwa wanaongea mambo mengine, na mmoja akakumbuka. Pili, wanaachiana nafasi. Fidla ikisema, kodiani inanyamaza mpaka imalize, kisha inajibu neno moja tu, na neno hilo linatosha. Kodiani yenyewe ina tundu mahali fulani, inavuja pumzi, na mzee hajawahi kuliziba. Amejifunza kulipigia pembeni. Tatu ni yule dada. Sauti yake si nzuri. Nimesema. Wapo wenye sauti nzuri mia moja na sikumbuki hata mmoja. Huyu akiimba "usizime taa ya koridoni, bado sijafika," unataka kuinuka ukahakikishe taa yako imewaka.

Mama mkwe alipita na beseni akasimama mlangoni.

"Huyu dada anaimba kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake."

Nilitaka kubisha. Nikaurudisha wimbo nyuma, nikausikiliza tena. Ndivyo hasa anavyoimba.

20 Machi

Balaa.

Leo mchana nimekwenda ukumbini na Stepla kupanga viti vitakavyokaa. Tumefika mvua ikianza. Ukumbi ni mkubwa, una jukwaa, una madirisha, na juu una bati tupu. Bati! Nimeingia humo mara ngapi kwenye mikutano, sikuwahi kuinua macho. Mvua ilipokolea nilimwona Stepla akifungua mdomo na kuufunga, hatua chache tu kutoka kwangu, na sikusikia hata herufi. Nikamfuata nikamfokea sikioni, "Unasemaje?" Naye akanifokea, "Nasema mbona hapa hapafai!"

Mlinzi wa ukumbi akatuambia, kwa kelele, kwamba msimu huu wote hata mikutano huwa wanaongea kwa ishara. Sasa ndiyo ananiambia.

21 Machi

Mvua.

22 Machi

Mvua. Nimejaribu shule, vyumba vyote bati. Nimejaribu duka la dawa lenye ghorofa, muuza dawa amesikitika zaidi ya nilivyotarajia, lakini ghala lake limejaa maboksi mpaka mlangoni. Mume wangu amesema, kwa upole, ambao ni mbaya kuliko matani yake, "Waambie ukweli, wapange mji mwingine. Watu wasije kuzunguka bure kwenye matope." Ana haki. Hilo ndilo linaloniumiza.

27 Machi

Nimeandika ujumbe wa kuwaambia wasije. Sijautuma.

28 Machi

Nimeufuta! Nimeufuta!

Leo umeme ulikatika mvua ikiwa kubwa, cherehani yangu ikazimika. Bosi akanituma stoo nikachukue sponji nyembamba tumalizie kazi za mkono. Stoo ni chumba kikubwa nyuma ya karakana, na msimu huu Bosi amerundika sponji mpaka juu ya kenchi za paa, chini ya bati, kwa sababu chini huingia unyevu. Nikaingia, mlango ukajifunga nyuma yangu, nikaanza kuchagua. Ikanichukua muda kuelewa kwamba kuna kitu kimekosekana. Nilikuwa nasikia bangili zangu zikigongana.

Nikamwita Stepla aingie.

"Umesikia?"

"Sijasikia kitu."

"Ndiyo hivyo! Nje si inanyesha?"

Akatazama juu, akatazama mlango, akaufungua. Mvua ikatupigia kelele. Akaufunga, kimya. Alikuwa anatafuna karanga, na nilisikia kila karanga ikivunjika. Tukakumbatiana kwa nguvu, karanga zikamwagika.

30 Machi

Nimemwomba Bosi. Amekataa kabla sijamaliza sentensi.

"Ile ni stoo ya sponji, Dada. Watu waje wakalie mali ya wateja na viatu vya matope? Wakitoka hapo nimuuzie nani?"

"Bosi, mle ndani mvua haisikiki kabisa, na ni alasiri moja tu."

"Godoro huchafuka kwa dakika moja."

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia leo kuanzia saa nne mpaka jioni. Mpaka usoni nilimwona amebadilika, pua imekuwa ndefu. Stepla anasema ni hasira zangu, pua ni ile ile.

2 Aprili

Mvua. Simsemeshi Bosi. Hajagundua.

4 Aprili

Naandika hapa nikiwa bado siamini. Leo Jumamosi tumefunga kazi mapema. Nimefika mtaa wa pili nikakumbuka mwavuli, nikarudi. Karakana tupu. Nikasikia mtu anaongea stoo, nikasukuma mlango. Bosi amesimama katikati ya sponji zake, peke yake, ameshika redio ndogo sikioni, mvua ikimwagika nje. Aliniona akaizima haraka kama aliyefumaniwa.

"Ulisema kweli," akasema. "Mtangazaji amekohoa, nimemsikia akikohoa. Miaka yote nauza sponji, sikujua inaweza hivi." Akaibonyeza sponji iliyo karibu kwa kidole gumba, anavyofanya mbele ya mteja. "Hii ni mali, Dada. Siyo takataka za wale wa barabara kuu."

Nami nikaibonyeza, nikatikisa kichwa kama mteja aliyeridhika.

"Ila viatu," akasema.

Ndipo nikamweleza kwamba mashabiki wa Kuni Mbichi tangu zamani huvua viatu mlangoni, popote bendi inapopiga, kwa sababu bila spika kila kisigino kinasikika. Hakuniamini. Nikamwonyesha picha kwenye simu, lundo la viatu nje ya mlango wa maktaba fulani. Akaikuza kwa vidole viwili, akahesabu jozi.

"Hawa," akasema, "ni watu waliolelewa vizuri."

Nimeiona pua yake leo. Ni ya kawaida kabisa.

5 Aprili

Nimewaandikia bendi: chumba kipo. Sasa ni kweli.

11 Aprili

Tumeanza kuitengeneza stoo. Katikati tumepaacha wazi pa watu kukaa, na sponji nene zote tumezibana juu kwenye kenchi, zikaziba bati lote. Hapo tungeacha. Lakini sisi ni mafundi wa makochi, jamani. Fundi wa makochi hawezi kuona ubao mtupu akalala. Stepla akasema ukuta wa kushoto unaonekana maskini, tukauvalisha. Wa kulia ukawa na wivu, tukauvalisha nao. Bosi mwenyewe alikunja mikono ya shati, akasema kazi ikifanywa nusu ni aibu ya karakana. Tukajaza mlango, tukajaza nguzo, tukatandika sakafu yote, na mimi nikashona ganda moja refu la kitambaa cha bluu kufunika kila kitu, na mishono yangu imenyooka huwezi kuamini. Tulipomaliza tulirudi nyuma kutazama. Chumba kizuri kuliko ndani ya sanduku la pete.

17 Aprili

Mvua. Nimeshindwa kula kwa furaha.

18 Aprili

Mungu wangu, tumefanya nini.

Leo tulitaka kujaribu sauti. Kwa kuwa hakuna kati yetu anayeimba bila aibu, nikamwomba mama mkwe, maana yeye aibu haijui. Alikuja akiwa na mwavuli na maneno yake. Tukamsimamisha pale bendi itakaposimama, sisi tukakaa nyuma.

"Niimbe nini?"

"Chochote, Mama."

Akavuta pumzi, akafungua mdomo. Niliona mshipa wa shingo ukisimama. Kilichotufikia nyuma kilikuwa sauti ya mtu anayeimba amefunikwa mto usoni. Akanyamaza katikati ya neno, akageuka huku na huku.

"Nani kanichukulia sauti yangu?"

Tulizuia mvua, tukazuia na muziki. Nikapiga makofi, makofi yakafia mikononi mwangu. Stepla alikaa chini akashika kichwa. "Tumezoea kujaza mpaka mteja asisikie msumari," akasema. "Tumeijazia bendi." Mimi nililia, sitaficha. Wiki moja imebaki. Nilijiona nimesimama mbele ya mzee wa kodiani, vidole vyake vimechoka, amesafiri kote huko, nikimwambia samahani baba, tumekushonea shimo.

Nilitegemea Bosi aseme nilikwambia. Alikuwa ameshasimama kwenye ukuta wa kushoto, anang'oa pini kwa koleo.

"Toa huu," akasema. "Mama, imba."

Mama mkwe akaimba. Afadhali kidogo.

"Toa sakafu. Mama, imba."

Tukatoa sakafu. Tukatoa ukuta wa kulia. Mishono yangu yote, daftari, nimeikata mwenyewe kwa mkasi, na sikujali. Stepla akaleta mbao za plaiwudi zile za migongo ya makochi, tukazisimamisha nyuma ya mama mkwe kama ukuta wa pili. Juu kwenye kenchi hatukugusa. Kila tulipohamisha kitu Bosi alirudi nyuma kabisa, akainamisha kichwa, akasema, "Mama, imba," na mama mkwe akaimba.

Nilikuwa nimeshughulika mno na koleo kiasi kwamba nilichelewa kusikia anaimba nini. Alikuwa anaimba "Taa ya Koridoni." Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, na ule wa nne ambao hata mimi huwa naukosea. Sauti ikatoka kwake, ikagonga plaiwudi, ikatufikia nyuma nzima nzima, na nje mvua ilikuwa ikipiga bati kwa hasira zake zote.

Nikaacha koleo. "Mama, umeujulia wapi wimbo huu?"

"Unaupiga kila siku ya Mungu, ukuta wenyewe mwembamba, nami nina masikio. Ulitaka niyavue?"

"Lakini unasema ni watu wenye njaa!"

"Na wana njaa. Kwani mwenye njaa haimbi vizuri?" Akajifunga kitenge upya. "Tuendelee. Ule ubeti wa nne mwisho wake sijaupatia."

Miaka yote hii nimekuwa nikisikiliza peke yangu, na shabiki mwenzangu yuko ng'ambo ya ukuta, ananichokoza kwa matani ili niongeze sauti.

24 Aprili

Mvua kubwa. Barabara ya chini imejaa maji. Mama mkwe amepiga pasi nguo yake mara mbili.

25 Aprili

Nitaandika yote, hata mkono ukikatika.

Watu walianza kuja baada ya chakula cha mchana, wakiwa wamelowa. Nilidhani tutakuwa kumi na mbili pamoja na familia yangu. Wakazidi kuja. Kwanza mwalimu wa hesabu wa wanangu. Kisha muuza dawa, yule wa ghorofa, akiwa amevaa fulana ya Kuni Mbichi iliyopauka kuliko yangu. Nikamwuliza mbona hakusema. Akasema, "Na wewe hukuniuliza. Ulisema unatafuta chumba cha shughuli." Tukacheka kama wehu. Kila mmoja akavua viatu bila kuambiwa, na Bosi, akiwa ndani ya suti, akavipanga kwa jozi ukutani kwa mikono yake.

Bendi ilichelewa. Saa ya kuanza ikafika, ikapita. Mume wangu akaniletea mkate ungali moto kutoka kiwanda cha mikate anakofanya kazi, akanishikisha, nikaushika tu. Halafu mlango ukafunguka wakaingia, magoti yote matope, gari wameliacha ng'ambo ya maji wakavuka kwa miguu. Mzee wa kodiani alikuwa ametota mpaka soksi, kwa sababu koti lake la mvua amelivalisha kodiani. Bosi akavua koti la suti akamvika. Mzee akalikubali kama kitu alichokuwa akikitarajia.

Dada mwimbaji ni mfupi. Sikuwahi kuwaza kwamba ni mfupi. Akasimama mbele ya plaiwudi, akatazama juu, akapiga ulimi mara moja, ta!, akasikiliza mlio unavyorudi. Akamgeukia kaka wa fidla. Sijui walisemezana nini kwa macho, lakini yule kaka alitabasamu.

Wakaanza kana kwamba walikuwa wanaongea mambo mengine na mmoja akakumbuka.

Nilisikia vidole vya kijana vikiiacha ngoma. Nilisikia pumzi inayovuja kwenye kodiani, na nyuma ya pumzi hiyo, pumzi ya mzee mwenyewe, na nikagundua kwamba zinakwenda pamoja. Kwenye albamu huwezi kulisikia hilo. Mama mkwe alikuwa amenishika mkono na alikuwa ananiumiza.

Katikati ya wimbo wa tatu mvua ikaja, ile yenyewe, inayofanya watu waingize mbuzi ndani. Tulijua kwa sababu madirisha yalikuwa meupe. Watu wote tukainua macho darini kwa pamoja. Stepla akafumba macho. Nami nikasema moyoni, sasa, sasa ndiyo sasa.

Ilisikika kama mtu anayefagia nyumba ya jirani.

Dada mwimbaji naye alikuwa ametazama juu. Mwimbaji yeyote pale angepaza sauti. Yeye akaishusha. Akaimba mstari mmoja chini zaidi, akatutazama. Akaimba unaofuata chini ya hapo, na kaka wa fidla akamfuata, na kijana akabaki na kidole kimoja. Alikuwa anakipiga chumba changu kama ala! Akashuka mpaka ikawa mnong'ono, gitaa kwa shida, na pale nje dunia nzima inabomoka, akanong'ona neno la mwisho na kuinua nyusi kuelekea nyuma kabisa, mlangoni, alikosimama Bosi na soksi zake.

Bosi akainua mkono juu, kama mwanafunzi. Amesikia.

Sikujua kwamba mtu anaweza kujivunia hivyo na asipasuke. Nilitaka kusimama juu ya kiti niwaambie wote, sponji ile ni sisi, kenchi ile ni sisi, nilichana mishono yangu kwa ajili ya neno hilo moja.

Wa mwisho walipiga "Taa ya Koridoni." Walipofika ubeti wa nne dada akaacha kuimba, akatuachia, na chumba kizima kikauimba, mama mkwe akiongoza, muuza dawa akilia waziwazi, mume wangu, mume wangu!, akijua maneno. Halafu ikabaki kodiani ya mzee tu. Akaushika ule mwisho akauvuta polepole, sauti ikawa nyembamba, ikawa uzi, na alipofika mahali ambapo kwenye albamu wimbo huisha hakuacha. Akaendelea kuvuta. Vidole vyake vilivyochoka havikuiachia. Nikaisikia sauti ikiisha, kisha nikasikia pumzi tupu ya kodiani, kisha nikasikia mzee akifunga kile kikanda cha ngozi cha pembeni, tik.

Tukapiga kelele ambazo kenchi zile hazitasahau. Wa kwanza alikuwa Bosi.

26 Aprili

Nimeamka sina sauti hata ya kuomba maji. Mvua inapiga bati la nyumba yangu kwa nguvu zake zote.

Na inyeshe.